Nyumba ya Magurudumu na Haki ya Kutulia

Katika barabara kuu za Marekani limekuwa jambo la kawaida kuona gari dogo likivuta tela lililoundwa kwa mkono, la mbao na mabati, ambamo mna kitanda, jiko na mali yote ya mwenyewe. Mwenye tela hilo hakutoka kwenda mapumziko ya wiki mbili. Amekwisha kuuza nyumba au kurudisha funguo kwa mwenye nyumba, amegawa makabati na viti, na sasa kwake ni pale injini inapozimwa. Wako wanaomsifu kwamba ameupata uhuru wa kweli, na wako wanaombeza kwamba ni mzururaji. Pande zote mbili hukosea kwa kuwa hutazama magurudumu tu. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, mtu huyo amehama kwa hiari yake, na akichoka kuhama anayo haki ya kutulia mahali?

Kwanza hapana budi kumpa fundi haki yake. Kuunda tela la kuishi ni kazi ya akili na mikono. Matela madogo ya umbo la tone la chozi hujengwa mara nyingi juu ya fremu ya futi 4 kwa 8, yaani kipimo kile kile cha bao zima la plaiwudi, ili mbao zisikatwe ovyo na fedha isipotee. Uzito nao lazima upangwe kwa hesabu: kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela hutakiwa kukandamiza kiungo cha kuvutia. Ukipungua hapo, tela huyumba nyuma ya gari kwenye mwendo wa kasi na huweza kulipindua. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 80 ni sawa na kubeba mtu mzima mmoja zaidi. Mwenye kuishi hivyo hujifunza kukihoji kila kitu anachokiingiza ndani, hata sufuria, kama kweli kinamfaa.

Hilo ni somo kubwa katika nchi ile. Mwaka 1973 nyumba mpya ya familia moja nchini Marekani ilikuwa na wastani wa futi za mraba 1,660. Kufikia mwaka 2015 wastani huo ulikuwa umepanda hadi futi za mraba 2,687, ilhali idadi ya watu katika kaya ilikuwa imeshuka kutoka wastani wa 3.01 hadi 2.54. Watu walipungua na vyumba vikaongezeka, na bado wengi hulipia maghala ya kukodi ili wahifadhi vitu visivyoenea nyumbani. Anayeamua kuachana na mzigo huo, akaishi kwa kiasi anachokihitaji, hastahili kuchekwa hata kidogo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Walakini historia ya matela hayo inaonyesha kwamba safari moja yaweza kuwa na maana mbili. Miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoporomoka, watu waliofukuzwa na madeni na ukame walihama na kuishi katika magari na matela ya kujiundia. Miaka hiyo hiyo Wally Byam, aliyekuwa mchapishaji wa magazeti, aliuza ramani za kumwezesha mtu kujitengenezea tela, na baadaye akaanzisha kampuni ya Airstream. Kwa hiyo tela lilikuwa kimbilio la mkosefu na wakati huo huo chombo cha starehe cha mwenye nacho.

Bara la Afrika liliishuhudia sura ya pili. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela 41 ya Airstream kutoka Cape Town, ukafika Cairo mwaka 1960. Wageni hao waliivuka Afrika na vitanda vyao, majokofu yao na vyoo vyao, na huko kwao Marekani walikuwa na mahali pa kurejea. Katika nchi ile ile walikoanzia safari, Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali, isipokuwa awe ametimiza masharti aliyowekewa na serikali ya makaburu, na kutembea bila pasi lilikuwa kosa la kumpeleka jela. Barabara ilikuwa moja. Mmoja aliitumia kwa kuwa alikuwa na haki ya kwenda na ya kurudi, na mwingine hata haki ya kusimama katika ardhi ya babu zake alikuwa amenyang'anywa.

Yapo mambo ya karibuni yanayofanana na hayo, ingawa hayalingani kwa ukali. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, mamilioni ya Wamarekani walipoteza nyumba kwa kushindwa kulipa mikopo. Mwaka 2011 kiwanda cha bidhaa za jasi kilifungwa katika mji wa Empire, Nevada. Kwa kuwa nyumba za mji huo zilikuwa mali ya kampuni, wafanyakazi walipoteza kazi na makazi kwa pigo moja. Jessica Bruder, katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, ameeleza maisha ya wazee wanaolala katika magari na matela, wakifuata vibarua vya msimu: kuvuna viazi-sukari, kulinda kambi za watalii, kufungasha bidhaa ghalani. Kampuni ya Amazon ilikuwa na mpango maalumu wa kuwaajiri watu wa namna hiyo kwa msimu, ulioanza mwaka 2008. Ni wazee ambao pensheni haiwatoshi kulipa kodi ya nyumba na kununua chakula pia. Husemwa kwamba kupanga ni kuchagua. Kwa wapangaji hao, hapakubaki cha kuchagua.

Aidha, hata baada ya kuhamia barabarani mtu huyo haachwi atulie. Katika sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu kule magharibi, kikomo cha kupiga kambi mahali pamoja kwa kawaida ni siku 14. Karibu na Quartzsite, Arizona, yapo maeneo ambayo kwa miaka mingi kibali cha dola 180 kimemruhusu mtu kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na ndiyo maana maelfu hukusanyika huko wakati wa baridi. Mjini mambo ni magumu zaidi. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba miji yaweza kuwaadhibu wanaolala katika viwanja vya umma bila kukiuka katiba, hata kama hawana pa kwenda.

Na kuna haki iliyo kubwa kuliko kitanda. Wasafiri wengi wa kudumu hujiandikisha kuwa wakazi wa Dakota Kusini, ambako stakabadhi ya kulala usiku mmoja na anwani ya posta vimetosha kupata leseni ya udereva. Mwaka 2023 jimbo hilo lilipitisha sheria inayomtaka mtu awe ameishi humo siku 30 kabla ya kujiandikisha kupiga kura. Wanaoiunga mkono wana hoja: si haki mpita njia amchagulie mwenyeji viongozi. Lakini asiyeishi popote kwa siku 30 atapigia kura wapi? Raia hakomi kuwa raia kwa sababu sakafu yake ina magurudumu.

Wako watakaosema kwamba wasafiri wengi wana furaha na hawaombi huruma ya mtu. Ni kweli, na furaha yao iheshimiwe. Ila furaha hiyo isigeuzwe pazia la kuficha kodi zisizolipika na mishahara isiyokidhi. Serikali inayotaka kuwasifu watu hawa kwa ujasiri wao ianze kwa kuwapa viwanja halali vya kuegesha vyenye maji na vyoo, iwalindie kura zao, na ihakikishe kwamba mzee aliyefanya kazi maisha yake yote anaweza kulipia chumba akikitaka. Hapo atakayeliunda tela na kuondoka atakuwa ameondoka kwa hiari yake, na siku akichoka atajua pa kuliegesha.