Bunduki ya Kwanza ya Mlenga Shabaha

Mji wa Morogoro si mgeni wa bunduki, kwani chini ya milima ya Uluguru ndipo lilipo Shirika la Mzinga, ambalo limekuwa likilitengenezea jeshi letu risasi tangu miaka ya sabini. Na kabla ya hapo, mnamo Agosti 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipouingia mji huu, askari wa Ujerumani waliokuwa chini ya Lettow-Vorbeck walirudi nyuma kwa njia za milima hiyohiyo hadi Kisaki, baadhi yao wakiwa wangali wamechukua bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, ambazo baruti yake ilifuka moshi mzito ukamfichua mpigaji mahali alipojificha. Pamoja na historia yote hiyo, kulenga shabaha kwa ajili ya mchezo mtupu, pasipo adui wala windo, ni jambo ambalo raia wengi wa hapa hulihesabu kuwa ni la wanajeshi au la matajiri, nami naona kwamba hesabu hiyo ina kasoro.

Mchezo ninaoukusudia ni ule wa shabaha ya mezani. Mlengaji huketi mbele ya meza nzito isiyotikisika, akailaza bunduki yake juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele na mmoja chini ya kitako, kisha akapiga risasi tano katika karatasi moja. Na katika mashindano ya bunduki kubwa ushindi hautokani na kuipata alama ya katikati, bali na kuzisongeza risasi hizo tano hata zikaribie kufanya tundu moja, ambalo waamuzi hulipima kutoka kitovu cha risasi iliyokwenda mbali upande huu hadi kitovu cha ile iliyokwenda mbali upande wa pili. Katika bunduki ndogo taratibu ni nyingine: karatasi huwa na shabaha 25, kila moja hupigwa risasi moja kwa umbali wa mita 25 au 50, na aliyekamilika hujipatia alama 250. Mtu asiyewahi kuuona mchezo huu atadhani ni wa wavivu, maadam mchezaji ameketi na bunduki imelala. Kumbe kwa kuwa mikono imeondolewa lawama, hapana tena kisingizio, na kila kosa litakalotokea ni la chombo, au la upepo, au la akili ya mtu mwenyewe.

Kijana aliyekwisha kuupenda mchezo huu huuliza bunduki gani ainunue kwanza, na jawabu analolipata kwa wale wasomao habari za ng'ambo, aghalabu, ni kwamba atafute bunduki ya risasi iitwayo 6 PPC. Sina ugomvi na sifa zake. Ilibuniwa mwaka 1975 na Wamarekani wawili, Lou Palmisano, tabibu wa upasuaji, na Ferris Pindell, fundi wa vyuma, na nasaba yake ingewashangaza wengi hapa kwetu, kwa sababu ganda lake limetokana na ganda la Kirusi la .220, nalo hilo limetokana na ganda la 7.62 × 39, yaani risasi ileile ya Kalashnikov ambayo Afrika Mashariki nzima imeijua kwa heri na kwa shari. Ganda lililozaliwa kwa ajili ya vita, likiisha kufinywa shingo na kunyooshwa mbavu, ndilo lililokuja kutamalaki mashindano ya watu wasio na adui mbele yao isipokuwa karatasi.

Lakini ubora wa risasi hiyo haununuliwi dukani. Wanaoshinda kwayo hujitengenezea risasi wenyewe: hununua maganda, fataki, baruti na vichwa vya risasi kila kitu mbali, wakapima baruti kwa kadiri ya joto la siku hiyo, wakajaza palepale uwanjani baina ya zamu na zamu, na maganda yaleyale machache wakayatumia tena na tena. Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimpi raia uhuru wa kujifanyia kiwanda cha risasi nyumbani bila ya kibali, nami siilaumu, kwa kuwa nchi ambayo jirani zake wamepigana miaka mingi haina budi kujua baruti yake iko wapi na imo mikononi mwa nani. Fauka ya hayo, mtutu wa bunduki hizo hupoteza ubora wake wa mashindano baada ya risasi elfu moja hivi, na fundi wa kuuchonga mwingine kwa kipimo hicho haishi Msamvu wala Kihonda. Kumshauri mwanafunzi aanze hapo ni kumwekea ngazi isiyokuwa na vidato vya chini.

Nasema, basi, bunduki ya kwanza na iwe ya .22, ile ndogo ambayo fataki yake imo ukingoni mwa ganda. Sababu ya kwanza ya watu wengi ni urahisi wa bei, nayo ni kweli. Sababu yangu ni insafu. Risasi hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1887, haijazwi upya, si Marekani, si Ulaya, si hapa, na kwa hiyo tajiri wa Texas na mkulima wa Mgeta hukaa mezani wote wawili wakiwa na risasi zilizofungwa kiwandani, pasipo mmoja kumzidi mwenziwe kwa mitambo aliyonayo chumbani. Tofauti iliyosalia ni ya fungu: risasi za kiwanda kimoja zilizotengenezwa zamu moja huweza kuupenda mtutu huu na kuukataa ule, na dawa yake ni kujaribu mafungu machache, kisha kununua kwa wingi lile lililokubali, kwa kadiri kibali kiruhusuvyo.

Katika kuichagua yenyewe, mambo si mengi. Mtutu uwe mnene tangu mwanzo hadi mwisho. Bunduki iwe ya kukoki risasi mojamoja. Kifyatulio kiwe chepesi kisichokwaruza. Na mti ulio chini ya mtutu uwe bapa na mpana ili usiyumbe juu ya mfuko. Anschütz ya Ujerumani ina sifa kuliko zote, na bei yake inazijua sifa hizo; CZ, ambayo wazee wetu waliijua Chekoslovakia ikiwa nchi moja na bunduki zake zikiitwa BRNO, humtosha anayeanza. Nusu ya fedha, bila ya majuto, iende kwenye darubini na vishikio vyake, kwa kuwa hapana awezaye kuunganisha matundu asiyoyaona. Na mwenye kurithi bunduki kuukuu asifurahi kabla ya kumulika ndani ya mtutu: fataki za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na kwa hewa ya mlimani chumvi hiyo imekwisha kula mitutu mingi ambayo nje yake ilikuwa ikimeremeta.

Wako wanaotaka bunduki moja itende kazi mbili, ikae mezani Jumamosi na kuwafukuza nyani na nguruwe mwitu shambani siku nyingine. Nafahamu haja hiyo, ila bunduki za mashindano ya masafa mafupi zimewekewa mipaka ya kilo 4.8 kwa daraja jepesi na kilo 6.1 kwa daraja zito, na atakayetaka kupandisha chuma cha uzito huo katika njia za Kinole na ajaribu kwanza kupandisha jiwe la kadiri hiyo. Bunduki ya upepo ni mwalimu mwema pia, lakini asidhani mtu kwamba haiihusu sheria. Aulize polisi kabla ya kuiagiza.

Kilichosalia ni upepo, nao ndio mtihani wenyewe. Kichwa cha risasi ya .22 kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na mwendo wa risasi za mashindano haufiki ule wa sauti, hata upepo wa kadiri unaokata ubavuni waweza kuihamisha sentimita mbili au zaidi katika mita 50 tu, ilhali ushindi hutafutwa katika milimita. Hapa kwetu ukuta wa Uluguru umesimama kusini mwa mji. Asubuhi na mapema hewa hutulia, jua likipanda upepo huanza kugeukageuka, na joto la ardhi huitetemesha karatasi machoni mwa anayetazama kwa darubini. Mlengaji hupanda vibendera njiani mwa risasi, akavisoma, akangoja vikubaliane, kisha akapiga. Aliyeanza na bunduki kubwa huusahau upepo kwa kuutegemea mwendo mkali. Aliyeanza na ndogo huadhibiwa kila asahaupo, na maarifa hayo hatayapoteza hata siku atakapoipata PPC yake.

Hayo yote yahitaji uwanja, maana hata risasi ndogo hii yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na kupiga ovyo mashambani ni hatari kwa watu na ni kosa kwa sheria. Ombi la kumiliki bunduki hupitia serikali ya mtaa, polisi na kamati za ulinzi na usalama; anayepita huko kwa haki hastahili kuonekana mshukiwa akisema kwamba ataka kutoboa karatasi. Nawasihi wakuu wa mkoa, pamoja na makamanda wa vikosi vilivyo kandokando ya mji, watenge asubuhi moja kila mwezi katika viwanja vyao vya shabaha, chini ya mkufunzi wao na kwa ada watakayoikadiria wenyewe, ili raia wenye vibali halali wapate mita 50 na kilima nyuma ya shabaha.