Kabla Hamjapanda Kili, Mjue Nani Aliibeba Njia

Desemba ikikaribia, wachumba na wanandoa wa hapa Dar huanza kunong'onezana: mwaka huu tuache ufukwe, twende tukapande Kilimanjaro. Safi sana! Makoti mazito ya mtumba Kariakoo yapo, viatu vipo. Ila kabla hamjafunga mabegi, ijueni kwanza njia mtakayopita.

Njia ya Marangu ndiyo kongwe kuliko zote za watalii. Wengine huiita njia ya Coca-Cola, kwa kuwa ina vibanda vya kulala na huhitaji hema. Tumezoea kusikia kwamba aliyeifungua ni Mjerumani Hans Meyer. Ni kweli, ila nusu tu. Mwaka 1887 alipanda akakwama kwenye barafu. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika: vita vya Abushiri vilimkuta njiani, akakamatwa na kuachiwa kwa fidia.

Mwaka 1889 alikuja na mpango mwingine. Kutoka Marangu kwa Mangi Marealle aliweka kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kupeleka chakula. Ndiyo maana jaribio la kwanza liliposhindikana hakulazimika kurudi bondeni kuanza upya. Alipumzika, akajaribu tena, na Oktoba 6 yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria wakafika kileleni. Na kule kambi ya juu, kwenye baridi kali, nani alibaki nao akipika? Mwini Amani, mtoto wa pwani, kutoka Pangani.

Mwaka 1912 njia iliwekewa alama, vikajengwa vibanda viwili vilivyopewa majina ya Bismarck na Carl Peters, yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Kibanda cha Kibo kikafuata mwaka 1932. Leo viwili vile vya kwanza ni Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichagga wa karne ya 19. Na mwaka 1989, miaka 100 ya safari ya Meyer ilipoadhimishwa, ndipo mzee wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, alipotambuliwa kuwa mmoja wa walioongozana naye. Karne nzima!

Sasa turudi mjini. Unajua jina Kariakoo limetoka wapi? Ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokuwa na kambi pale. Nenda Posta kaitazame Sanamu ya Askari ya mwaka 1927: juu amesimama askari na bunduki yake, mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini. Kwa hiyo sisi tunaofanya shopingi Kariakoo kila wikiendi tunalitamka jina la wapagazi bila kuwakumbuka.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Kwenye duka la nguo, kubana bei ni raha, na mwenye duka anajua kujitetea. Safari ya Kili siyo gauni. Ada za hifadhi hazipungui, kwa hiyo kampuni ikikupa bei ya kutupwa, mara nyingi kinachokatwa ni posho ya mpagazi, chakula chake, na blanketi lake la usiku. Ulizeni kabla ya kulipa: wapagazi wanalipwa shilingi ngapi kwa siku? Wanakula mara ngapi? Wanalala wapi? Mzigo unapimwa getini, usizidi kilo 20? Wakijiumauma, hameni.

Na wewe ambaye bado unamchunguza mchumba wako, mtazame vizuri siku ya pili, mmechoka, kichwa kinauma. Anamwitaje yule kijana aliyebeba begi lake? Jina analijua? Jibu hilo litakusaidia kuliko zawadi kumi za Valentine.

Tukutane mwezi ujao!