Si Kila Lita Iliyopotea Imeibwa



Katika mashamba na viwanda vingi kuna tangi la mafuta lililozikwa ardhini kwa ajili ya matrekta, malori na jenereta. Hesabu ya mwezi ikifungwa na lita zikapungua, anayeitwa ofisini ni karani wa stoo au mtu wa pampu. Huambiwa ameiba, na mshahara wake hukatwa. Ni mara chache mtu kuuliza kama tangi lenyewe ni zima. Chama hakimtetei mwizi. Lakini twasema hivi: kabla ya kumhukumu mtu, ipimeni ardhi.

Chuma kilichozikwa hushikwa na kutu. Tundu dogo linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kama lita 4 kwa siku, yaani karibu lita 1,500 kwa mwaka. Juu ya ardhi hakuna anayeona kitu. Chini, mafuta hushuka mpaka yakutane na maji. Huelea juu yake kwa kuwa ni mepesi, na sehemu yake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji hayo. Yakifika kwenye kisima cha laini zetu, ni sisi na watoto wetu tunaoyanywa. Ndani ya petroli kuna sumu iitwayo benzini, inayoweza kuleta kansa ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 tu katika lita moja ya maji ya kunywa. Wala kuchemsha si dawa, kwani sumu hiyo hupanda na mvuke, ikavutwa na mpishi jikoni.

Njia ya kuchunguza yajulikana. Huchimbwa visima vyembamba kuzunguka tangi, visivyopungua vitatu, ili kwa kulinganisha vina vya maji ijulikane yanaelekea wapi. Kimoja huwa upande yanakotoka maji, na vingine upande yanakokwenda, kati ya tangi na visima vya kunywa. Mdomo wa kila kisima huzibwa kwa saruji na kufungwa kwa kufuli, uchafu wa uwanjani usiingie. Kila baada ya miezi michache hupimwa kina, huangaliwa kama mafuta yanaelea, na maji hutiwa katika chupa ya kioo mpaka pomoni, yakapelekwa maabara. Pamoja na hayo kuna daftari la kila siku: yaliyoletwa, yaliyotolewa, yaliyobaki. Upungufu mdogo ni wa kawaida, maana petroli huruka hewani na hunywea kwa baridi. Lakini upungufu unaorudi kila mwezi ni dalili ya kuchunguzwa.

Jambo hili si ndoto. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1988 kwamba matangi ya namna hii yachunguzwe kama yanavuja, na tangu hapo imethibitisha mivujo zaidi ya 500,000. Je, wote hao walikuwa na makarani wezi? Kwa jirani zetu Kenya, hatuhitaji kwenda nyuma sana. Ni mwaka 2015 tu bomba la kupeleka mafuta Nairobi kutoka Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja huko Thange, karibu na Kibwezi. Mafuta yaliingia mtoni na visimani, na wakulima wakakosa maji ya kunywa na ya kumwagilia.

Waajiri watasema visima vya uchunguzi ni gharama. Kweli, ni gharama. Lakini kusafisha maji yaliyokwisha kuharibika huchukua miaka, na gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Na wako wenzetu wanaonong'ona kwamba tukiuliza sana, tangi litafungwa na kazi itakwisha. Ndugu, tangi bovu hubadilishwa na matrekta yakaendelea kulima. Mfanyakazi aliyeharibika damu habadilishwi.

Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu. Basi tuyaandike haya katika mkataba wetu na mwajiri. Kwanza, maji yachukuliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, na majibu yabandikwe ubaoni kwa lugha tunayoisoma. Pili, asikatwe mtu mshahara kwa upungufu wa mafuta kabla tangi na ardhi havijapimwa. Tatu, maji yakionekana mabaya, mwajiri alete maji safi siku hiyo hiyo, bila kungoja barua kutoka mjini.

Kila tawi lichague mjumbe wake wa maji sasa, na swali la kwanza atakalompelekea meneja liwe hili: tangi letu lina umri gani, na lilipimwa lini?