Tamko la Mafundi na Wauzaji wa Simu wa Mbeya Kuhusu Mionzi ya Simu

Sisi mafundi na wauzaji wa simu za mkononi wa Mwanjelwa, Kabwe na Sokomatola, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wananchi wenzetu na kwa Serikali.

Wateja wanatuuliza kama mionzi ya simu inaua. Wengine wanauliza huku wakiinyooshea kidole minara ya Mlima Loleza. Tunawajibu tunachokijua. Mionzi hii haina nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili kama ile ya eksirei. Madhara yaliyothibitika ni joto, na viwango vimewekwa kulizuia. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Neno ni "huenda", nasi hatuongezi wala hatupunguzi.

Wanaodai minara ing'olewe tunawaomba watusikilize. Simu iliyo sikioni iko karibu na kichwa kuliko mnara wowote, na mtandao ukiwa hafifu, kama mabondeni huko Rungwe, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Mnara ukiondoka, simu itachemka zaidi.

Kwa hiyo dai letu ni vipimo. Tume ya Nguvu za Atomu ipo kwa Sheria Na. 7 ya 2003 na hupima mionzi ya minara. Majibu hayo yabandikwe kwenye ofisi za kata, kwa Kiswahili, ili mama anayeishi chini ya mnara ayasome mwenyewe. Kwenye simu, Ulaya ukomo wa mionzi inayoingia mwilini ni wati 2 kwa kilo ya mwili. Marekani ni 1.6. Tunaitaka Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iagize kiwango cha mionzi cha kila simu kiandikwe juu ya boksi, kwa Kiswahili.

Juni 16, 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima, nasi tulibaki na wateja wenye hasira mezani. Hata hivyo tunauunga mkono uamuzi ule, kwa sababu kiwango cha mionzi kilichoandikwa kwenye boksi la simu feki hakina wa kukithibitisha. Mwanachama wetu atakayekutwa anaiuza, tutamfukuza.

Ndugu mnunuzi, ili usiuziwe simu feki, kabla hujalipa, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji na ulinganishe namba itakayotokea na iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, usinunue.

Limetolewa Mbeya na uongozi wa chama, kwa niaba ya wanachama.