Bi Harusi Anapopelekwa Tabora, Tuanze na Matairi



Tukipanga harusi, sisi wanawake wa visiwani hatuachi kitu. Tunajua udi gani utafukizwa, nani atapika biriani, somo atafika saa ngapi na singo itatwangwa na nani. Hata gari la bi harusi tunalichagua wenyewe. Tunataka liwe Crown au Mercedes, ling'ae, rimu ziwe kubwa, maua yawe mbele na utepe umefungwa vizuri. Hapo ndipo tunapoishia. Ile mipira minne inayogusa barabara, ambayo kila mmoja hukanyaga lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono tu, hakuna anayeiuliza.

Rai yetu leo ni hii: fedha ya kwanza ya gari la harusi iende chini ya gari, ndipo yafuate maua. Na anayekagua awe mmoja wetu, kwa sababu sisi ndio tunaokaa kiti cha nyuma.

Tunayasema haya hasa kwa ajili ya wenzetu wanaoolewa Tabora. Undugu wetu na watu wa huko haukuanza jana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wa Unguja walijenga nyumba huko, wakapanda miembe, wakaoa. Baba yake Tippu Tip mwenyewe aliishi Unyanyembe na akaoa katika nyumba ya mtemi wa huko. Katika njia hiyohiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo kuja kuuzwa pwani, na hilo hatulifichi tukisimulia habari za njia hii. Lakini harusi baina ya pwani na Unyamwezi ni jambo la zamani, na bado zinafungwa, alhamdulillah.

Zamani kutoka pwani hadi Unyanyembe ilikuwa takriban miezi mitatu kwa miguu. Siku hizi bi harusi anavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, anaingia kwenye gari, anapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, ndipo anafika Tabora. Ni zaidi ya kilomita 800. Kwa mwendo wa mjini, kutoka saluni hadi ukumbini, tairi bovu linaweza kukusitiri. Kwa safari kama hii halikusitiri. Jua ni kali, lami inachoma, gari lina watu watano na masanduku ya bi harusi nyuma, na baina ya mji na mji kuna pori refu.

Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana njia nzima kwa ustadi wao, na kila mmoja alijua mzigo wake. Kipimo cha kawaida kilikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Tairi nalo lina mzigo wake, na umeandikwa ubavuni. Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 215/60 R16 94V. Hiyo 215 ni upana wake kwa milimita. 60 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo. 16 ni inchi za rimu. 94 ni alama ya mzigo, na maana yake tairi hilo moja linabeba hadi kilo 670. V ni alama ya mwendo, hadi kilomita 240 kwa saa. Hatusemi dereva akimbie hivyo, Mungu apishe mbali. Tunasema kwamba ukibadilisha tairi, alama hizo mbili za mwisho zisishuke chini ya zile ambazo gari lilitengenezewa. Utazikuta kwenye kitabu cha gari, na vipimo vya tairi na upepo viko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ni dakika moja tu kufungua mlango na kusoma.

Sasa tuje kwenye starehe, maana gari la kifahari tunalikodi au kulinunua kwa ajili hiyo. Wengi wetu tunadhani rimu ikiwa kubwa ndiyo gari linazidi ufahari. Kwa macho, sawa. Kwa mgongo, hapana. Linganisha lile 215/60 R16 na 225/45 R18. Kwa kimo cha jumla yanakaribiana, kila moja kama sentimita 66. Lakini la kwanza lina ubavu wa milimita 129, na la pili 101. Ule ubavu ndio mto wa gari: una mpira na upepo, na ndio unaomeza shimo kabla halijafika kwenye shokapu na kiti. Ukiupunguza ili chuma kionekane, umempunguzia bi harusi mto. Kila tuta la barabarani atalihesabu, na bibi yake mwenye maumivu ya kiuno atalihesabu mara mbili. Kama gari lako linakubali rimu ndogo kwa mujibu wa kitabu chake, na safari ni ya Tabora, sisi tungefunga ndogo.

Ukimya nao una sababu zake. Tairi la gari dogo lililotengenezwa kwa utulivu huwa na vipande vya meno vidogovidogo visivyolingana ukubwa, makusudi, ili sauti zao zisikusanyike zikawa mvumo mmoja. Tairi lenye meno makubwa ya kwenda porini huvuma kwenye lami hata likiwa jipya. Makampuni makubwa yana matairi yaliyolengwa kwa starehe ya magari ya namna hii: Bridgestone wana Regno, Yokohama wana Advan dB, Michelin wana Primacy. Hatupigii debe kampuni yoyote. Tunakutajia ili ukifika dukani uulize tairi la starehe, usipokee tu lile lililo karibu na mlango. Na ukiona lebo ya Ulaya yenye namba ya desibeli, jua kwamba inapima sauti anayoisikia aliye nje gari likipita. Inasaidia kulinganisha, ila haikuambii moja kwa moja utakachokisikia ndani.

Kabla hujatoa fedha, mwambie fundi atafute kwanza mvumo unatoka wapi. Beringi ya gurudumu iliyochoka nayo huvuma, na mara nyingi sauti hubadilika gari likikata kona. Tairi lililoliwa upande mmoja hupiga kelele kwa sababu magurudumu hayakai sawa. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo, huenda tairi halikubalansiwa. Ukifunga matairi mapya juu ya tatizo hilo, utayaharibu nayo, na kelele itarudi.

Jambo tunalolichukia zaidi ni la tairi kuukuu linalouzwa kama zima. Ubavuni mwa matairi mengi kuna herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne. Ukisoma 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lililopita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na lisivuke miaka 10 hata kama meno yake bado yapo, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka kwa umri, si kwa mwendo peke yake. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo yamebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha.

Kuna na hili la matairi ya theluji. Magari yanayotoka Japani mara nyingine hufika na matairi ya majira ya baridi. Yana meno mengi yaliyochanwachanwa, na huenda ubavuni kukawa na picha ya mlima wenye ua la theluji. Yakiwa bado na meno, huonekana mazuri, na ni laini kweli. Lakini mpira huo uliundwa kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya moto huwa mlaini kupita kiasi, huliwa haraka, na breki na kona hazishiki inavyotakiwa. Njia ya Manyoni kwenda Tabora mchana haina theluji.

Tairi la namna hiyo likipakwa rangi nyeusi na kung'arishwa, mnunuzi haoni kitu. Sote tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha aibu ya bidhaa yake. Tairi kuukuu lililopakwa rangi ni rundo lilelile. Tofauti ni kwamba nafaka iliyolowa humharibia mtu chakula, na tairi hili linaweza kuondoka na roho za watu. Kwa hiyo tie mkono wako. Soma tarakimu zile. Kununua mitumba si haramu, na si kila mtu ana uwezo wa mapya. Lililo haramu ni kufichwa aibu. Akikataa usisome, ondoka.

Mwenye BMW au Mercedes azingatie jambo moja zaidi. Baadhi ya magari haya hutoka na matairi yenye ubavu mgumu, yanayoweza kwenda umbali mfupi hata upepo ukiisha. Ugumu huo huyafanya yasiwe na ulaini wa tairi la kawaida, na wengi huyabadilisha wakapata utulivu mzuri. Lakini magari hayo mara nyingi hayana spea, kwa kuwa tairi lenyewe ndilo lililotegemewa. Ukibadilisha bila kutafuta spea na jeki, umenunua starehe ya Dar es Salaam na pancha ya Itigi. Siku hiyo bi harusi mwenye piko hadi magotini atakaa pembezoni mwa barabara akingoja msamaria.

Mwisho wa ufundi ni upepo, na huu ni rahisi kuliko vyote. Upimwe asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa watu na mizigo kama karatasi ya mlangoni inavyosema. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja, hupata moto, na tairi hupasuka. Ukizidi, gari hurukaruka kama punda aliyekasirika. Njiani tairi likipata joto upepo hupanda wenyewe, usiutoe. Na kama uwezo ni wa matairi mawili mapya tu, yafungwe nyuma, hata kama mbele ndiko kunakovuta gari. Nyuma ikiteleza kwenye mvua ni vigumu sana kuirudisha.

Tunajua kuna watakaosema haya ni mambo ya wanaume. Tunawaheshimu baba zetu, kaka zetu na madereva. Lakini kuuliza hakumvunjii mtu heshima. Gari la kukodi linalipiwa, na anayelipa ana haki ya kujua analipia nini. Mwambie mwenye gari kwa adabu: "Kaka, tunakwenda mbali na wazee, tungependa kuona matairi na spea kabla ya kulipa arubuni." Mtu mkweli hatakasirika. Akinuna, amekwisha kukujibu.

Wengine watasema tairi jipya ni ghali na harusi ina mambo mengi. Ni kweli, harusi zetu zimekuwa nzito, na wapo wanaoingia kwenye madeni. Lakini tuangalie tunapunguza wapi. Maua ya gari yananyauka kabla ya jioni. Puto zinapasuka kabla ya picha. Matairi manne mazuri yatamchukua bi harusi kwa mumewe, yatamrudisha kwao kuja kuwasalimia, na huenda yakampeleka hospitali usiku wa kujifungua. Hiyo ni zawadi. Tungependa siku moja kusikia mashoga wamechangishana, na badala ya seti ya kumi na moja ya vikombe wamempa mwenzao matairi.

Dua ya safari tunaisoma sote gari likiondoka, tukimsifu Mwenyezi Mungu aliyetutiishia kipando. Kukitunza kipando hicho ni sehemu ya shukurani, na waliomo ndani ni amana. Mama aliyekukabidhi mwanawe kwenye gati ya Malindi anamngojea mtu mmoja tu ampigie simu aseme, "Tumefika."

Basi mashoga, wiki hii kabla ya kuchagua utepe, inameni. Someni ubavu wa tairi. Mkishaona tarakimu nne za mwisho, tuandikieni mmekuta mwaka gani.

Wabillahi tawfiq, na maharusi wetu wote wafike salama. Amin.