KARATASI ILIYOANDIKWA SI TAKATAKA

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, katika nyumba nyingi za Mtwara na za vijiji vya pwani, tangu Msimbati hadi mlango wa Mto Ruvuma, madaftari ya watoto hutupwa jalalani au hutiwa moto hali kurasa nyingi hazijaguswa na kalamu. Januari ikifika, mzazi yule yule huenda dukani kununua mengine. Sisi twaona kwamba huku ni kuchoma fedha.

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne. Lakini daftari bado ni mzigo wa mzazi. Kurasa nyeupe zilizobaki, zikichomolewa kwa uangalifu, zikashonwa katikati kwa sindano na uzi na kutiwa jalada la boksi kuukuu, ni daftari kamili la kufanyia majaribio ya hesabu. Tena laweza kuwa daftari la nyumba. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mvuvi na aandike mapato ya kila bamvua, na mama muuza samaki aandike anaowakopesha.

Hata hivyo, kabla ya kuitumia karatasi, hapana budi kutofautisha karatasi na karatasi. Iko ya kutunzwa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho za Mtwara, msimu wa 2007/2008, mkulima hukabidhi mali yake na kurudi nyumbani na karatasi. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wake wa kilo alizopeleka. Anayewashia jiko karatasi ya namna hiyo kabla hajalipwa amejinyima ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Iko pia ya kuharibiwa. Si ajabu mtu kununua karanga mtaani akakuta kwenye karatasi iliyozifunga jina la mgonjwa na maradhi yake, au alama za mwanafunzi. Hilo ni aibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka ofisi zilinde habari za watu. Karatasi za namna hiyo zichanwe vipande vidogo au zilowekwe mpaka ziwe rojo, wala zisiuzwe kwa mizani.

Iliyobaki ndiyo ya kutumiwa tena, na kazi zake ni nyingi. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Gazeti lililokunjwa vizuri na kugandishwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo ni bahasha imara ya misumari, mbegu, sabuni au karanga zenye maganda. Lakini tunaonya: maandazi, vitumbua na samaki wa kukaanga visifungwe kwa gazeti, kwa maana mafuta huvuta wino ukaingia katika chakula. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula ya India iliwaonya wananchi wake juu ya jambo hilo hilo.

Bustanini, gazeti huviringishwa kwenye chupa, likakunjwa chini, likawa kikopo cha kuoteshea nyanya, pilipili au papai. Mche huhamishiwa shambani pamoja na kikopo chake, mizizi isisumbuliwe, na karatasi huoza udongoni. Kiriba cha plastiki hakiozi. Rojo ya karatasi iliyochanganywa na uji wa muhogo hufinyangwa juu ya bakuli, ikikauka ikawa chombo cha kuwekea vifungo na nyuzi. Kijana wa Kimakonde anayetamani uchongaji aweza kujifunza umbo la uso kwa rojo hiyo kabla hajaharibu kipande cha mpingo. Na watoto wetu tangu zamani huunda vishada kwa karatasi na chelewa za mnazi. Kazi hiyo isidharauliwe, maana inafundisha vipimo.

Rojo hiyo hiyo, ikichanganywa na vumbi la mbao au la mkaa, ikakamuliwa na kuanikwa, huwa kitonge cha kuwashia moto. Hatusemi kwamba karatasi itachukua nafasi ya kuni, haitoshi. Lakini kila kijiti kisichokatwa ni nafuu kwa mikoko ya Ruvuma, ambayo tangu mwaka 2000 imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ambayo ni malezi ya kamba na samaki tunaowavua.

Kwa hiyo twawaomba walimu wakuu: kabla ya kufunga shule, kila darasa likusanye kurasa zake nyeupe na kuzishona. Twawaomba wafanyakazi wa ofisini waandike pande zote mbili za karatasi. Na wazazi wasingoje mkutano wala mwenge. Sindano, uzi na unga wa muhogo vimo ndani ya kila nyumba. Akiba haiozi.