Dipoziti Ikae kwa Nani?

Mpangaji anayehama nyumba jijini Nairobi hulijua jibu kabla hajauliza: subiri mpangaji mwingine aingie. Ametoa notisi ya mwezi mmoja, amelipa kodi, stima na maji, amemkabidhi keateka funguo. Dipoziti anayodai ni kodi ya mwezi mzima, na ndiyo aliyotarajia kulipia dipoziti ya nyumba anakohamia. Badala yake anakopa.

Jibu hilo linakiri jambo zito. Ikiwa marejesho yanamngoja mpangaji ajaye, basi fedha zilishatumika. Zilimlipa fundi wa paa, zilitoa karo, au ziliingia kwenye mkopo uliojenga ploti yenyewe. Anayeondoka hulipwa kwa dipoziti ya anayeingia, na chumba kikikaa miezi mitatu bila mtu, deni nalo hukaa miezi mitatu. Hapo hakuna ubishi wowote kuhusu uharibifu. Kuna fedha za mtu zilizotumika bila ridhaa yake.

Ubishi wa uharibifu nao upo, na mara nyingi unahusu rangi. Mtu amekaa miaka minne, rangi imefifia, naye anatozwa gharama ya kupaka nyumba nzima upya, pengine bila kuonyeshwa hata risiti ya duka. Hilo si haki. Uchakavu wa kawaida ni gharama ya biashara ya kupangisha, na kodi ya miaka minne imeshaulipia. Sinki iliyopasuka au kitasa kilichong'olewa ni jambo jingine, mpangaji alipe. Lakini siku ya kuingia hakuna aliyeandika wala kupiga picha sinki ilikuwa katika hali gani, kwa hiyo anayeshika fedha ndiye anayekata kesi.

Wenye nyumba nao huumizwa. Wapo wapangaji wanaohama usiku, wakiacha nyuma deni la kodi ya miezi miwili na mlango uliovunjika. Wengine hugoma kulipa kodi ya mwezi wa mwisho, wakisema dipoziti ikatwe. Desturi hiyo inamwacha mwenye nyumba bila kinga, lakini imezaliwa na uzoefu: watu wameona kwamba dipoziti hairudi.

Sheria haijasaidia vya kutosha. Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, ya udhibiti wa kodi, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa mno na bedsita za Nairobi. Sura ya 301 inawahusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Wapangaji wengi wa mjini wamebaki katikati, wakitegemea mkataba, kama upo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Ni njia nzuri, ila anayedai 12,000 na kuishi kwa kibarua huhesabu nauli na siku za kazi atakazopoteza, akaamua kusamehe.

Kwingine hali ni tofauti. Katika England, tangu Aprili 2007, dipoziti za upangaji wa kawaida lazima zilindwe na mpango ulioidhinishwa; siku hizi mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo, na akikaidi mahakama yaweza kumwamuru alipe hadi mara tatu ya kiasi hicho. Migogoro haijaisha kule, ila anayetaka kukata huleta ushahidi.

Kenya ifuate njia hiyo. Dipoziti ishikwe na mtu wa tatu, na mwenye nyumba asipoleta picha na risiti ndani ya wiki mbili, fedha zirudi kwa mpangaji. Mwenye vyumba vinane atasema huo ni usumbufu, lakini kodi yenyewe tayari inalipwa kwa M-Pesa na kumbukumbu zake zipo. Kwa waliokwisha kuzitumia, sheria ianze na mikataba mipya, nao wapewe muda wa kurudisha za zamani.